Mixa ya mpiga lupu: hesabu njia za kutokea, si chaneli

Swali: Naimba peke yangu kwenye hoteli za Diani na Nyali. Nina gitaa la akustika lenye pikapu, maiki ya kuimbia, maiki ya pili ya kayamba, na lupa ya Boss RC-5, ile pedali inayorekodi kipande na kukirudiarudia. Vyote vinaingia kwenye mixa ndogo ya chaneli nne, waya wa MAIN OUT, yaani njia kuu ya kutokea, unaingia kwenye lupa, na lupa inaenda kwenye spika. Nikirekodi gitaa huku naimba, sauti yangu inarekodiwa pia. Kila nikiongeza tabaka, mvumo wa zzz unazidi. Na wimbo ukishajaa, maneno hayasikiki. Jamaa mmoja ananiuzia mixa ya chaneli 16, mwingine ananiambia niachane na mixa nichukue RC-505, lupa kubwa ya Boss. Nifuate lipi?

Jibu: Dada, usimlipe yeyote kwanza. Matatizo yako yote matatu yanaanzia mahali pamoja, nako ni pale ulipoiweka lupa. Umeiweka mwisho kabisa, baada ya MAIN OUT, kwa hiyo kila kinachotoka kwenye mixa ni lazima kipite ndani yake. Lupa haina namna ya kujua lipi ni gitaa na ipi ni sauti yako. Ukikanyaga pedali, inabeba kila kilichopo kwenye waya. Ukichukua mixa ya chaneli 16 ukaiunga hivyohivyo, matatizo yatabaki palepale, na juu yake utakuwa na mzigo mkubwa zaidi wa kupakia kwenye gari.

Wewe una vyanzo vitatu tu: sauti, gitaa, kayamba. Chaneli nne zinakutosha. Kinachokukwamisha ni njia za kutokea. Anayepiga lupu anahitaji mixa yenye njia tatu zinazojitegemea: ya kwanza iende kwenye spika za watu, ya pili iilishe lupa, ya tatu ikurudishie wewe mwenyewe usikie unachofanya. Na lupa yenyewe irudi kwenye mixa kwa chaneli yake, kama chombo cha nne, ili uwe na kitufe cha kuipandisha na kuishusha bila kugusa kitu kingine. Mixa ikikupa hayo, inakufaa hata kama ni ndogo. Isipokupa, hata iwe na chaneli 32 utateseka nayo.

Njia ya gharama ndogo ninayoipenda kuliko zote ni kitufe kilichoandikwa MUTE na chini yake ALT 3-4. Kipo kwenye mixa za Mackie za 1202VLZ4 na 1402VLZ4, na Behringer nao wanakitumia kwenye baadhi ya mixa zao za Xenyx. Wengi wanadhani ni kitufe cha kuzima chaneli. Ukweli ni kwamba hakizimi, kinahamisha. Ukikibonyeza, chaneli inaondoka MAIN na kupelekwa kwenye jozi ya pili ya kutokea, yenye jeki zake mbili, yaani ALT 3 na ALT 4. Ukikiachia, inarudi MAIN. Hapo ndipo lupa yako inapotakiwa kukaa.

Unga hivi. Toa waya kutoka jeki ya ALT, uingize kwenye INPUT A ya lupa. Kutoka OUTPUT A ya lupa, rudisha waya kwenye mixa, kwenye chaneli ya stereo, tundu la kushoto lenye neno MONO. Chaneli hiyo sasa ndiyo lupu yako. Gitaa na kayamba viache vimebonyezwa muda wote, vikae kwenye ALT. Usihofu kwamba havitasikika: sauti mbichi inapita ndani ya lupa na kutokea upande wa pili, kwa hiyo utavisikia hata kama hurekodi chochote. Sauti yako iache MAIN. Sasa kanyaga pedali, piga gitaa na uimbe utakavyo. Gitaa litarekodiwa, maneno hayatarekodiwa, kwa sababu hayapiti huko. Ukifika kiitikio na unataka kujitengenezea sauti za nyuma, bonyeza MUTE ya chaneli ya maiki, rekodi tabaka lako, kisha iachie urudi kuimba mashairi.

Kuna mambo manne ya kuangalia kwenye mpango huu, na la kwanza ndilo la hatari. Chaneli inayorudisha lupa isibonyezwe MUTE hata mara moja. Ukiibonyeza, unachotoa kwenye lupa kinaingia ALT, ALT inakiingiza tena kwenye lupa, na ndani ya kufumba na kufumbua spika zinalia ukelele wa kuwatimua wageni mezani. Bandika kipande cha utepe mwekundu juu ya kitufe hicho. Duara hilohilo likidhibitiwa ni muziki, nalo ni la zamani kuliko pedali zote hizi: mwanzoni mwa miaka ya 1970 wanamuziki wa Uingereza Brian Eno na Robert Fripp walitumia mashine mbili za tepu za Revox, utepe ukitoka ya kwanza kwenda ya pili, na sauti iliyosomwa na mashine ya pili ikirudishwa kurekodiwa kwenye ya kwanza. Kiasi cha sauti iliyorudishwa ndicho kilichoamua kipande kidumu muda gani kabla ya kufifia. Wao walilitaka duara hilo na mkono wao ulikuwa juu yake. Wewe kwenye chakula cha jioni hulitaki.

La pili, kwa kuwa MUTE hapa ni ya kuhamisha, huna njia ya kweli ya kuzima maiki ya kayamba. Ikiwa wazi muda wote itachukua gitaa, sauti yako na vijiko vya wageni, na vyote vitaingia kwenye lupu. Tafuta maiki yenye swichi ya kuwasha na kuzima, na uiwashe pale tu unapochukua kayamba mkononi. Iweke karibu, kama shubiri moja kutoka kwenye kayamba, ili usilazimike kuifungulia sana.

La tatu ni PAN, kitufe cha kuelekeza sauti kushoto au kulia. Kwenye jozi ya ALT, ukizungusha PAN kushoto sauti inaenda jeki ya 3, ukizungusha kulia inaenda jeki ya 4. Kama umechomeka jeki moja tu na gitaa umelielekeza upande wa pili, lupa haitapata kitu na utadhani imekufa. Amua upande mmoja au acha PAN katikati.

La nne ni kiwango. Mixa inatoa sauti ya kiwango cha vifaa vya kitaalamu, ambacho kipimo chake cha kawaida ni kama volti 1.23. Pedali kama RC-5 imetengenezwa kwanza kwa ajili ya gitaa, ambalo kiwango chake ni kidogo kuliko hicho. Kwenye ALT, kitufe cha chaneli ndicho kinachoamua ukubwa. Anza nacho chini, piga kwa nguvu zako zote kama utakavyopiga wimbo wa mwisho, rekodi mizunguko miwili, halafu sikiliza kwa hedifoni. Ukisikia sauti inakwaruza kwenye mapigo makubwa, shusha. Usitafute sauti kubwa ndani ya lupa. Sauti kubwa utaitoa kwenye chaneli inayorudi.

Sasa wapo watakaokwambia utumie AUX, ile njia ya pembeni ya kutuma nakala ya sauti. Ni njia halali na kwenye mixa nyingi ndiyo pekee iliyopo, ila ina mtego ambao wengi hawauoni mpaka sauti ianze kuwa ya ajabu. Kwa AUX, gitaa linabaki MAIN na nakala yake inatumwa kwenye lupa. Lupa nayo, kama nilivyosema, inapitisha sauti mbichi. Kwa hiyo gitaa linafika kwenye spika mara mbili: moja kwa moja, na tena kupitia lupa. Nakala ya pili imechelewa kidogo sana kwa sababu imegeuzwa kuwa dijitali na kurudishwa. Chukulia imechelewa milisekunde 2. Sikio halisikii mwangwi, lakini masafa ya hezi 250, 750, 1250 na kuendelea yanafutana, na gitaa linasikika jembamba, kama linapigwa ndani ya bomba. Watu wanahangaika na trebo na besi usiku kucha, na tatizo halipo huko. Dawa ni kuzima sauti mbichi ndani ya lupa, ili itoe kile kilichorekodiwa tu. Lupa nyingi zina mpangilio huo. Isipokuwa nao, achana na AUX utumie ALT, ambako sauti ina njia moja tu kwa wakati mmoja na haiwezi kujigonga. Na ukitumia AUX, kitufe cha AUX cha chaneli inayorudisha lupa kikae sifuri, kwa sababu ileile ya ukelele.

Angalia pia AUX ziko ngapi. Yamaha MG10XU ni mixa nzuri, ina sauti safi na inavumilia safari, lakini ina AUX moja tu, na ndiyo hiyohiyo inayopeleka sauti kwenye mwangwi wake wa ndani. Ukiipa lupa, umejinyima mwangwi wa sauti yako na spika ya kujisikilizia. Kwa kazi yako siipendekezi. MG12XU, ambayo ni kubwa na nzito zaidi, ni habari nyingine kabisa: ina AUX mbili na pia ina kundi la 1-2 lenye jeki zake za kutokea. Kila chaneli ina kitufe cha 1-2 na kitufe cha ST, yaani stereo, ndiyo MAIN yake. Gitaa na kayamba vibonyezwe 1-2 bila ST, sauti ibonyezwe ST peke yake, na umepata kilekile cha ALT. Kuna jambo moja tu: kwenye kundi lenyewe kuna kitufe cha kuliunganisha na stereo. Kiache juu, la sivyo gitaa litafika MAIN mara mbili na utarudi kwenye bomba. Mackie nao wana kitufe cha namna hiyo karibu na hedifoni, kimeandikwa ASSIGN TO MAIN MIX. Usikiguse.

Za dijitali nazitaja kwa sababu utaulizwa. Behringer XR18 ina AUX sita, na kila kitu nilichokieleza hapa unaweza kukipanga na kukihifadhi kwa wimbo mmoja mmoja. Kwa bendi ningekwambia uinunue. Kwako wewe, sikushauri. Haina vitufe vya kushika, unaiendesha kwa tableti, na wewe unapiga ufukweni saa kumi na moja jioni jua likiwa linakupiga usoni. Kioo hakisomeki, na mikono yako ina gitaa. Kitufe unachoweza kukipapasa bila kuangalia kina thamani kubwa kwa mtu aliye peke yake jukwaani.

Turudi kwenye ule mvumo. Lupa haitengenezi mvumo, inaukusanya. Kila unaporekodi tabaka, unarekodi pia kelele iliyokuwepo kwenye waya wakati huo. Kelele ya kawaida, ile ya shhh, inapanda desibeli 3 kila idadi ya tabaka inapojirudufu: tabaka nne ni desibeli 6 juu, tabaka kumi na sita ni 12. Mvumo wa umeme unaweza kupanda kwa kasi zaidi ya hapo, kwa kuwa mawimbi yake yana mpangilio na yanaweza kuungana. Ndiyo maana kelele ambayo mwimbaji wa kawaida haisikii kabisa, kwako wewe dakika ya tatu ya wimbo imekuwa besi ya pili. Pigana nayo kabla haijaingia kwenye lupa, maana ikishaingia haitoki.

Kwanza, gitaa lako. Pikapu za piezo, ambazo ndizo za magitaa mengi ya akustika, zinahitaji kuingia kwenye tundu lenye ukinzani mkubwa, kama megaomu 1. Ukilichomeka moja kwa moja kwenye tundu la kawaida la mixa kwa waya mrefu, na kama gitaa halina betri yake ya ndani, besi inapotea, sauti inakuwa ya bati, nawe unafungulia GAIN, kitufe cha kukuza sauti inayoingia, kufidia na mvumo unakuja nayo. Nunua kisanduku cha DI kinachotumia umeme, kile kinacholigeuza gitaa liifae mixa, kiweke karibu na miguu yako, na kutoka hapo tumia waya wa XLR, ule wa maiki wenye pini tatu, mpaka kwenye mixa. Nikiambiwa nichague kitu kimoja cha kukununulia leo, ni hicho, hata kabla ya mixa. Kina swichi ya kutenganisha ethi, ambayo mara nyingi inakata mvumo papo hapo. Pili, mixa, lupa na spika yako ya kujisikilizia vyote vichukue umeme kutoka soketi moja kwa kebo moja ya kugawia. Hotelini utakuta soketi ya jukwaani na ile ya baa ziko kwenye saketi tofauti, moja ina friji, nyingine ina taa za kupunguza mwanga. Usiunganishe muziki wako kati ya hizo mbili. Tatu, lupa iwe na adapta yake peke yake. Na mtu akikwambia ukate pini ya ethi kwenye plagi ili mvumo uishe, mkatalie katakata. Wewe unashika nyuzi za gitaa na mdomo wako uko kwenye maiki ya chuma. Pini hiyo ipo kukulinda.

Nadhani pia kwamba sehemu ya kelele yako inatokana na mpango wa sasa wenyewe. MAIN ikiwa kubwa inaipasua lupa, kwa hiyo umeishusha MAIN mpaka chini, halafu ukafungulia spika ili usikike. Spika inakuza kila kelele iliyo nyuma yake. Lupa ikihamia ALT, MAIN inarudi kwenye alama yake ya kawaida na spika unaipunguza.

Maneno kutosikika sasa ni rahisi. Lupu ina chaneli yake, kwa hiyo ukianza ubeti unaishusha kidogo kwa mkono. Usiishushe sana, desibeli 3 zinatosha, wageni hawatagundua. Kisha fanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: kwenye chaneli hiyo ya lupu, shusha MID, kitufe cha masafa ya kati, kidogo. Kwenye hizo Mackie MID imewekwa hezi 2500, eneo ambalo konsonanti zetu zinakaa, zile s, t, k na ch zinazomfanya mtu asikie neno badala ya kusikia wimbo tu. Gitaa lenye tabaka tano limejaza eneo hilo lote. Ukilipunguza hapo, sauti yako inapata nafasi bila kuongeza nguvu. Kwenye chaneli ya maiki bonyeza kitufe cha kukata besi iliyo chini ya hezi 100, hasa kwa upepo wa ufukweni. Mwangwi weka kwenye sauti ya MAIN tu. Mwangwi ukiingia kabla ya lupa unarekodiwa, na tabaka la tatu linaogelea.

Spika ya kujisikilizia nayo ilishwe na AUX yake, iwe nyuma ya maiki na si ubavuni. Maiki ya kawaida ya kuimbia, mfano Shure SM58, husikia kwa uchache kuliko kote pale nyuma yake kabisa. Lupu ikitoka kwenye spika hiyo na kuingia tena kwenye maiki wakati unarekodi sauti za kiitikio, unarekodi lupu ndani ya lupu, na kila mzunguko unakuwa mchafu zaidi. Ukiweza kuvumilia hedifoni ya sikio moja, tatizo hili linakwisha.

Hoteli yenye fundi wake wa sauti na mixa yake, mpe njia mbili. PAN za vyanzo vyako vyote zizungushe kulia kabisa, lupa ichukue kutoka ALT 4, na chaneli inayorudisha lupa izungushe kushoto kabisa. MAIN ya kushoto sasa ina kila kinachopita kwenye lupa, ya kulia ina sauti yako ya moja kwa moja. Mwambie fundi aziweke zote mbili katikati kwake. Ataweza kukuinua juu ya lupu bila wewe kugusa kitu, na nimeona mafundi wakishukuru kwa hilo. Usifanye hivi kama spika mbili za hoteli zimechomekwa moja kwa moja kwenye mixa yako. Meza za upande mmoja zitasikia gitaa na za upande wa pili zitasikia mashairi.

Na hiyo RC-505? Kama ni RC-505mkII, ni kifaa kizuri sana. Ina matundu mawili ya maiki, matundu ya vyombo, traki tano, na unaweza kuchagua chanzo kipi kirekodiwe kwenye traki ipi, kwa hiyo kazi kubwa ya mixa inafanyika ndani yake. RC-505 ya kwanza, ile ya 2013, ina tundu moja tu la maiki, nawe una mbili, kwa hiyo muulize muuzaji ni ipi. Lakini zote mbili zimetengenezwa kwa ajili ya mikono, ziko mezani, zinawafaa wanaotumia sauti na vinanda. Wewe mikono yako iko kwenye gitaa. Siku ukihitaji traki zinazojitegemea, tazama RC-600, ambayo inakaa sakafuni, ina traki sita na pedali tisa za kukanyaga, na matundu mawili ya XLR. Siku hiyo huenda usihitaji mixa kabisa. Kwa sasa muziki ulionieleza, gitaa la kuzunguka na kayamba na sauti mbili tatu za nyuma, RC-5 inaumudu.

Kwa hiyo mpangilio wangu wa manunuzi ni DI kwanza, kisha mixa iliyotumika yenye ALT 3-4 au kundi la 1-2, kisha maiki yenye swichi. Ukienda kuiona mixa, nenda na hedifoni na waya wako. Chomeka maiki, bonyeza na uachie MUTE ya kila chaneli mara kadhaa ukisikiliza. Kitufe kikikwaruza au sauti ikarudi nusu, ujue kwamba kitakuangusha katikati ya wimbo, kwa sababu hicho ndicho utakachokibonyeza kuliko vyote. Halafu chomeka waya kwenye jeki za ALT, moja baada ya nyingine, uzitikise taratibu. Mixa nyingi za mitumba zimetumika MAIN tu miaka yote, na jeki za ALT utazikuta kama mpya, ila zile zilizokaa Pwani huingia kutu. Ukisikia zinakatika, punguza bei au ondoka.